Mtoto wa Askari Ale Wapi Bujumbura?

Likizo ndefu ya shule huanza mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, na ndipo askari wengi wa jeshi na wa polisi wanapoomba ruhusa ya siku chache ili wakae na watoto wao. Wengi hupenda kuwateremsha watoto hao kutoka milimani na kuwaleta Bujumbura, wauone mji na ziwa. Nauli huwekwa akiba, nguo hufuliwa na kupigwa pasi, ndugu wa kulala kwake hupewa habari mapema. Jambo moja tu aghalabu husahauliwa mpaka mchana wa siku ya kwanza, jua linapochoma na mtoto anapomshika mzazi wake mkono na kuuliza: "Baba, tutakula wapi?"

Wako watakaosema kwamba swali hilo ni dogo, wala halistahili nafasi katika ukurasa unaosomwa na watu waliokabidhiwa ulinzi wa nchi. Chakula ni chakula, watasema, na mtoto akishiba yamekwisha. Sisi twaona sivyo. Twaona kwamba katika safari nzima hakuna saa ambazo mtoto humtazama mzazi wake kwa makini kama saa za kula. Barabarani hutazama magari, sokoni hutazama bidhaa, ziwani hutazama maji; lakini mezani humtazama baba yake. Huona ameketi wapi, anamsemesha vipi yule anayemhudumia, anakunywa nini, na anafanya nini kabla ya kuinuka. Kwa hiyo mahali pa kula ni mahali pa kufundishia, tutake tusitake.

Tukumbuke kwanza mtoto huyo ni nani. Askari si mzazi kama wazazi wengine. Kazi yake humtoa nyumbani kwa miezi, pengine kwa mwaka mzima. Kuanzia 2007, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, vikosi vya Burundi vilikuwa Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Wako watoto waliojifunza kutembea baba zao wakiwa huko, wakamjua baba kwa sauti ya simu na kwa pesa zilizofika nyumbani. Wa polisi naye, hata akilala nchini mwake, hulala kituoni. Sikukuu ya wengine ndiyo siku yake ya kazi nyingi zaidi. Na tusiwasahau akina mama waliovaa sare, ambao huwaachia bibi watoto wao na kwenda zamu. Kwa watu wa namna hii, siku tatu za Bujumbura zaweza kuwa ndizo siku pekee za mwaka ambazo mzazi na mtoto watakula pamoja asubuhi, mchana na jioni. Kuzitumia ovyo ni hasara isiyofidiwa na zawadi yoyote.

Hebu basi tuanze safari. Anayeshuka kwa barabara ya Bugarama huacha baridi ya mwinuko unaozidi mita 2,000, na baada ya kona nyingi hujikuta katika mji wa ziwani ulio chini ya mita 800, penye joto asilolizoea. Mtoto wa milimani hafiki na njaa, bali hufika na kiu na kichefuchefu. Kumketisha mara moja mbele ya sahani ya samaki wa kukaanga ni kumtesa. Ampatie maji safi, akae kivulini, ale tunda lililooshwa na kumenywa, apumzike. Hamu ya chakula itakuja yenyewe baada ya saa moja au mbili. Tumewaona wazazi wakiwagombeza watoto kwamba wanadharau chakula cha mjini, kumbe mtoto ni mgonjwa wa barabara tu.

Baada ya hapo askari mgeni wa mji huvutwa na njia mbili, na zote mbili twaona hazifai.

Njia ya kwanza ni ya hoteli kubwa. Baba hufikiri kwamba mtoto hawezi kusema ameiona Bujumbura mpaka aketi penye vitambaa vyeupe, glasi ndefu na mhudumu aliyefunga tai. Hatuwalaumu wenye hoteli hizo. Wana wateja wao na kazi yao ni halali. Lakini mshahara wa askari wa vyeo vya chini twaujua sote. Mlo mmoja wa huko waweza kula akiba ya safari nzima, na siku mbili zinazobaki mtoto akashindia mkate mkavu. Tena mtoto mwenyewe hafurahi. Huogopa kugusa kitu, husoma majina ya vyakula asivyovijua, na humwona baba yake akihesabu faranga chini ya meza kwa uso wa wasiwasi. Atakachokumbuka ni ule wasiwasi.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo ndiyo inayofuatwa na wengi. Ni njia ya kabare. Baba hukutana na wenzake wa kikosi cha zamani, wakaingia mahali wanapochoma nyama, chupa za Primus na Amstel zikaja mezani moja baada ya nyingine. Kiwanda cha Brarudi kipo nchini tangu 1955, wala hatukusudii kuwahubiria watu wazima juu ya kinywaji chao. Tunamsemea mtoto. Mtoto hupewa Fanta na mshikaki mmoja, ambao kule huitwa brosheti, akaambiwa atulie. Fanta huisha, mshikaki huisha, mazungumzo ya watu wazima hayaishi. Usiku huingia, sauti hupanda, maneno yasiyofaa hutoka, na mtoto hulala juu ya kiti amekunja miguu. Siku iliyokusudiwa kuwa yake imegeuka kuwa ya wenzake baba. Askari anayetaka kuonana na wenzake, na ni jambo jema, achague jioni nyingine, mtoto akiwa amelala kwa shangazi yake.

Sasa tuseme wapi panapofaa. Bujumbura si maskini wa mahali pa kula. Tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mji huu umebaki na kazi yake ya zamani, yaani biashara, bandari na chakula.

Asubuhi, twapendekeza Buyenzi. Mtaa huu ni wa Waswahili tangu enzi za Wabelgiji, na mpaka leo Kiswahili ndicho lugha ya barazani na ya dukani. Kwa askari aliyejifunza Kiswahili kambini au ng'ambo, ni mahali ambapo mtoto wake ataisikia lugha hiyo ikitumika na watoto wa rika lake. Hapo asubuhi pana chai ya maziwa yenye tangawizi, chapati zinazotoka moto kwenye kikaango, mandazi, sambusa, na maharage kwa anayetaka kushiba. Viti ni mabenchi. Mtoto akimwaga chai hakuna anayeshtuka. Bei hujulikana kabla ya kuketi, na kama haijulikani huulizwa, na kuuliza si aibu. Kifungua kinywa cha namna hiyo kitamtosha baba na mtoto mpaka saa saba ya mchana.

Mchana ni wa samaki, na hapa tunaomba wasomaji wetu wasifanye haraka, kwa sababu samaki wa Bujumbura si chakula tu. Ni somo la jiografia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani kote ni Baikal pekee, ziwa la Urusi, linalolizidi kwa kina. Linamilikiwa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mukeke anayechomwa juu ya makaa, akamwagiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu, akaletwa pamoja na ndizi au ugali, ni samaki wa ziwa hili, na mtoto aliyezoea maharage ya milimani ataweza kusema kwamba amekula kitu ambacho mataifa mengi hayana. Baba amchambulie miba kwa mkono wake mwenyewe. Mkono uliozoea kufungua na kufunga bunduki hauwezi kushindwa na miba ya samaki, na mtoto ambaye baba yake amemchambulia samaki hatasahau.

Ikiwa mukeke ni ghali siku hiyo, kuna ndagala, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa uvuvi hulegea, na soko nalo hubadilika. Mzazi akimweleza mtoto kwamba bei ya sahani yake inategemea mwezi wa angani, atakuwa amemfundisha jambo ambalo darasani lingechukua wiki. Tena ndagala huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya mtoto. Jambo hili si la mzaha katika nchi yetu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa miaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa lishe duni. Watoto wa walinzi wa nchi wamo katika hesabu hiyo kama watoto wa wakulima. Askari anayerudi nyumbani na furushi la ndagala wakavu badala ya mwanasesere wa plastiki ameleta zawadi kwa nyumba nzima, na hasa kwa yule mdogo aliyebaki mgongoni kwa mama.

Ufukoni pia panafaa kwa chakula cha mchana, ila kwa tahadhari. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za watu wa Gatumba na katika sehemu za starehe zilizojengwa kando ya maji. Aliyepajua mahali fulani miaka mitano iliyopita asidhani atapakuta vile vile. Zaidi ya hayo, jua linapokaribia kuchwa viboko hupenda kusogea nchi kavu, na mamba nao wamo ziwani. Mtoto aone ziwa mchana, akiwa ameshikwa mkono, na kabla ya jioni waondoke.

Soko nalo lina nafasi yake. Soko kuu la katikati ya mji liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, na wafanyabiashara wake wakatawanyika katika masoko mengine ya mitaani. Tunalitaja kwa sababu wako askari ambao kumbukumbu zao za Bujumbura ni za kabla ya moto ule. Akina mama wapishi waliokuwa wakiwalisha wapagazi na wauzaji pale walipoteza pahali pao kwa siku moja, wakaanza upya kwingine kwa sufuria na kuni. Ukila kwa mmoja wao, sahani ya wali na maharage, au ugali na sombe, au lengalenga kwa mchuzi wa karanga, unakula jasho la mtu ambaye hakukubali kushindwa. Mtoto aambiwe hivyo.

Kuhusu usafi hatutasema mengi, maana askari amefundishwa usafi kuliko raia. Tunakumbusha tu kwamba mwanzoni mwa Januari 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Ugonjwa huo haujali cheo. Kabla ya kuketi, mzazi atazame mambo matatu: kama kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawia, kama chakula kinatoka motoni au kimekaa tangu asubuhi, na kama vyombo vinaoshwa katika maji safi. Mahali penye wateja wengi wa kawaida, mafundi, madereva, makarani, aghalabu chakula hakikai, na kwa hiyo huwa salama. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yako. Mambo matatu hayo hayahitaji pesa. Yahitaji macho tu.

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo kwa ajili yake tulichukua kalamu.

Si zamani sana tulikuwa tumeketi katika mkahawa mdogo wa mtaani, mahali pasipo hata kibao cha jina. Aliingia polisi mmoja aliyevaa sare, pamoja na mvulana wa miaka minane hivi, mwenye viatu vipya. Walikula vizuri. Mvulana aliongeza ndizi, akapewa. Walipomaliza, baba aliinuka, akamwinulia mkono mama mwenye mkahawa kama mtu anayeaga, akatoka. Yule mama alitabasamu. Mvulana alisimama mlangoni, akamtazama mama, akamtazama baba yake, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Baba, hujampa pesa." Baba alijibu bila hasira, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida: "Mimi ni polisi." Wakaenda zao.

Hatukujua jina la mtu huyo wala kituo chake, na hata tungejua tusingeliandika. Pengine ni askari mwema kazini. Pengine siku nyingine humlinda mama yule dhidi ya wezi. Lakini twaona kwamba katika maneno yale matatu alimfundisha mwanawe somo ambalo shule haitaweza kulifuta: kwamba sare ni kitu kinachomfanya mtu ale bila kulipa. Mvulana yule akikua na kuwa polisi, atakula bila kulipa. Asipokuwa polisi, atawachukia polisi. Katika njia zote mbili baba yake amepata hasara, na nchi imepata hasara pamoja naye.

Wako watakaotujibu kwamba mama yule alitoa kwa hiari, kwamba alitabasamu, kwamba ukarimu ni desturi yetu na mgeni hakatai anachopewa. Hoja hii ina uzito na hatutaki kuipuuza. Ni kweli kwamba sisi ni watu wakarimu. Lakini ukarimu ni wa nyumbani. Mkahawa ni biashara. Mama yule amenunua mkaa, mafuta na unga kwa pesa. Kodi ya pahali pake huilipa kwa pesa. Na karo ya watoto wake, ambao nao wana likizo, hutoka katika sufuria ile ile. Na tabasamu tunalolisema, je, angeweza kutolitoa? Mtu asiye na silaha hana uhuru wa kumkatalia mwenye silaha. Hiari ambayo haiwezi kusema hapana si hiari. Yule ambaye kweli anataka kupima ukarimu wa mama huyo aende siku ya pili akiwa na shati la kawaida, mfukoni hana kitu, aone kama atapewa sahani.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa askari aliye likizoni ni huu: avue sare. Likizo ni ya raia, na mezani awe raia. Aulize bei kama raia, angoje zamu yake kama raia, alipe kama raia. Na tunaongeza jambo jingine, ambalo tulilijifunza kwa askari mwingine, wa jeshi, ambaye alikula karibu nasi pamoja na binti yake katika mojawapo ya mikahawa ya Buyenzi. Walipomaliza chai, alitoa noti, akampa binti yake mkononi, akamwambia: "Nenda ukamlipe mama, umshukuru, uhesabu chenji." Binti alikwenda kwa aibu, akarudi kwa fahari. Alikuwa amelipa. Hatukuona siku ile somo la uraia lililo bora kuliko hilo, nalo halikugharimu kitu zaidi ya bei ya chai.

Tunajua kwamba kwa askari wa nchi hii neno la kula pamoja lina uzito wa peke yake. Vita vilivyoanza 1993 viliugawa mji huu. Kulikuwa na miaka ambapo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuvuka kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na mitaa mingi ilibaki ya upande mmoja tu. Katika siku hizo Buyenzi na jirani yake Bwiza ndiyo mitaa iliyojulikana kwa watu wa makabila yote kuendelea kukaa pamoja, na wako waliosalimika kwa sababu jirani Mwislamu aliwafungulia mlango. Amri ya kutotembea usiku haikuondolewa mpaka Aprili 2006. Na mwaka 2015 hofu ilirudi tena katika mitaa kadhaa, familia nyingi zikakimbia. Mtoto wa miaka minane hayajui hayo, na haifai kumtisha kwayo. Lakini baba anayejua anapaswa kuona kwamba kuketi kwenye benchi la Buyenzi, mgongo ukiwa mlangoni, bila kuuliza jirani ni nani, ni neema iliyonunuliwa kwa thamani kubwa.

Tena jeshi lenyewe ni ushahidi. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 na mapatano yaliyoufuata, watu waliokuwa wakiwindana msituni waliingizwa katika jeshi moja na polisi moja. Walianzia wapi kuaminiana? Maandiko ya mikataba yalikuwa katika makabati ya wakuu. Askari wa kawaida alimjua mwenzake kwenye foleni ya chakula, akiwa na sahani mkononi, akipakuliwa maharage kutoka sufuria ile ile. Aliyepitia foleni ile hahitaji kuelezwa kwamba mahali pa kula panaweza kujenga au kubomoa. Basi asiende akabomoe kwa mama muuza chai kile alichokijenga kambini.

Twapenda kusema neno moja kwa wakuu pia. Si haki kumwachia askari mdogo mzigo wote wa maadili ilhali tumemtuma likizo bila mshahara wa kumtosha au ruhusa aliyoipata kwa wakati. Ruhusa, kadiri usalama unavyoruhusu, zitolewe watoto wanapokuwa likizoni, si mwezi wa Oktoba wanapokuwa darasani. Kantini za kambi za mjini zingeweza kuwakaribisha kwa bei nafuu watoto wa askari wanaotoka mikoani, walau kwa mlo mmoja kwa siku. Na mkuu anayesikia kwamba askari wake anakula mtaani bila kulipa asingoje malalamiko ya maandishi, maana mama muuza chai hataandika. Aende mwenyewe, anywe chai, alipe, aulize.

Jioni ya mwisho ya safari, twapendekeza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, mahali pa familia, mapema, kabla giza halijaingia. Baba aketi upande ambao anamwona mtoto, simu aiweke mfukoni. Amuulize ni chakula gani alichokipenda kuliko vyote. Yaelekea mtoto hatasema mukeke wala mshikaki. Atasema chapati ya asubuhi, kwa sababu aliiona ikigeuzwa kikaangoni, au kwa sababu yeye ndiye aliyelipa. Baba akubali jibu hilo, asimkosoe.

Asubuhi yake watapanda gari la kurudi milimani, na furushi la ndagala miguuni. Huko nyumbani mama atauliza mlikula wapi, na mtoto ndiye atakayejibu, mbele ya bibi, mbele ya wadogo zake, pengine na mbele ya majirani. Ataeleza yote aliyoyaona, bila kuficha, kama watoto wanavyoeleza. Ndugu askari, ule mahali ambapo utaweza kuketi ukasikiliza maelezo hayo bila kuinamisha uso.